Riziki Alivyofundishwa Kupumua Uvira

Bwegera, kijijini kwetu. Tuliondoka kwa sababu mdogo wangu Riziki alikuwa ameacha kusema. Mto ulifurika ukaingia kwenye mashamba ya mpunga, ukamchukua binti yake Neema, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Tangu siku ile Riziki alikula akipewa na kulima akiongozwa, ila neno halikumtoka. Kituo cha afya cha kwetu kilimpa dawa ya minyoo. Tuliporudi, kikampa ya malaria. Walipoishiwa na magonjwa wanayoyajua, walisema twende Uvira, kuna huduma ya wagonjwa wa akili, tena yenye kibao kikubwa.

Njiani tulikaa juu ya magunia ya mchele. Baada ya Sange, askari wa kizuizi cha barabarani alimuuliza Riziki jina lake. Nilipojibu mimi, akakasirika, akasema alikuwa hasemi na mimi. Nilimwona mjinga. Baadaye nilimkumbuka kwa heshima, maana angalau yeye alimuuliza Riziki mwenyewe.

Uvira, asubuhi iliyofuata, kibao tulikiona kutoka mbali. Kina rangi mpya, na picha ya kichwa cha mtu kinachochipua maua. Chumba kilicho nyuma yake kilikuwa kimejaa vyandarua mpaka darini, kwa hiyo wagonjwa tulisubiri uani, juani. Muuguzi alipotuita alinigeukia mimi, kana kwamba Riziki ni mzigo niliobeba. Akauliza kama anapiga watu, kama anavua nguo barabarani, kama anavunja vyombo. Nikasema hapana.

“Sasa mumemuleta juu ya nini?” akasema. “Mugonjwa wa kichwa anaonekana, mama. Huyu iko muzuri tu.”

Huyo aliyemwita mzima, akamdunga sindano ya usingizi. Kwa utaalamu wake, mtu aliyenyamaza alihitaji kunyamazishwa zaidi. Riziki alilala kwenye benchi mchana kutwa, mate yakimtoka, nami nikimfukuzia nzi.

Kesho yake alirudi mshauri wa akili, ambaye alikuwa hotelini kwenye semina ya namna ya kuwasikiliza wagonjwa. Alinukia vizuri. Nilianza kumweleza habari ya mafuriko, akaniinulia mkono, akasema yaliyopita hayahitajiki, wanatumia mbinu mpya. Alimketisha Riziki dirishani, mbele ya ziwa Tanganyika lote.

“Fumba macho, mama,” akasema kwa sauti ya kubembeleza. “Pumua. Fikiri weye iko kando ya maji. Maji inakuja polepole. Acha maji ibebe kila kitu.”

Riziki akafumbua macho.

“Maji ilishabeba,” akasema. “Ilibeba mutoto wangu.”

Nilimshika bega. Mshauri yeye alipiga makofi. Akaniambia nimeona mwenyewe, mgonjwa amesema, mbinu inafanya kazi. Akawaita wenzake waje kusikia, akamwomba Riziki arudie. Riziki aliinuka, akaondoka dirishani. Hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa nani, wala jina lake. Walituaga wakiwa na furaha kubwa, kila mmoja akiamini ameponya mtu.

Kurudi, gari lilikuwa halijapita mashamba ya miwa ya Kiliba Riziki alipoanza. Alisimulia namna mkono wa Neema ulivyomponyoka, na namna alivyopiga kelele na hakuna aliyekuja. Alilia kwa sauti, abiria wakasogea kumpisha. Sikumwambia apumue.

Bwegera, majirani walikuwa wanatungoja uani. Waliniuliza huko Uvira wanatoa dawa gani. Nilikuwa najipanga kuwatukana wale waganga wote mmoja mmoja, lakini mdogo wangu alinitangulia.

“Dawa hakuna,” akasema. “Banakukasirisha tu, mpaka unasema.”

Nilichojifunza safari ile ni hiki: huduma ipo kweli, ila inakihudumia kibao chake. Riziki naye hakungoja tumalize kucheka. Aliuliza nguo za Neema zimewekwa wapi, na mama yetu akainuka, akaingia ndani kuzileta.