Aliyeanza na Shikamoo

Wanaosimulia mambo kama haya wengi huanza na usiku. Usiku hata kisiki huonekana mtu. Mimi yalinikuta mchana, narudi kutoka gulioni Mlola, sina homa wala sijalewa, na kichwani nina tenga la viazi vilivyokataliwa na wateja. Shule niliishia la tatu. Lakini kusahau sijui, na kwa umri huu uongo ungenisaidia nini?

Kwanza mjue habari za mwanangu Elieza, kitinda mimba wangu. Alikwenda Kwamkoro kuchuma chai na wenzake wawili, Hoza na Tito. Wao walirudi. Walisema aliondoka kambini asubuhi moja kufuata kuni msituni, akatafutwa, hakuonekana. Simu yake ukipiga, yule dada anakwambia haipatikani. Niliipiga mpaka nikamzoea yule dada, nikawa namwambia asante.

Baba yake, Natanaeli, hakustahimili. Alilala akiutazama mlango mpaka Mungu akamchukua. Ndipo ndugu zake wakaanza. Ukoo wa mume wangu una desturi yake: mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukazikwa kama mtu. Baada ya hapo hangojwi tena, msiba umefungwa. Shemeji yangu Zakayo, mkubwa wa ukoo, alikwisha kuuchagua mgomba nyuma ya jiko langu, akaufunga jani kavu kuwa alama. Kilichobaki ni shati la Elieza. Shati hulitoa mama kwa mkono wake mwenyewe. Mama asipolitoa, hawaziki.

Nami sikutaka kulitoa. Kila jioni nilimwombea kama mtu aliye hai, kwa jina, kwa sauti. Wifi yangu Damari alinisikia, na siku moja tukimenya ndizi akaniambia, "Wifi, Mungu ana watu wengi. Kwako amepitiwa."

"Basi nitamkumbusha."

"Unamkumbusha kila siku. Huoni hata yeye anachoka?"

Akacheka, nami nikacheka. Lakini nikilala, lile neno lilikuwa halilali. Ni Mwanaidi tu, mke wa Salehe, jirani yangu Mwislamu, aliyeniambia, "Dada, Mungu hana gulio la kuwahi. Wewe omba."

Siku ninayoisimulia, kesho yake ndugu walikuwa waje kuchukua jibu la mwisho. Na niseme ukweli, asubuhi ile kabla ya kwenda gulioni nilikuwa nimekwisha kulikunja lile shati na kuliweka juu ya meza. Nilikuwa nimechoka.

Nikirudi na Mwanaidi, tuliachana njia panda ya kwake. Ukungu ukashuka, ule wetu unaofuta mpaka vidole vya miguu yako mwenyewe. Nikasikia mbele yangu, "Shikamoo, mama."

Niamini, mama hasahau sauti. "Marahaba," nikajibu kabla sijafikiri. Akatokea ndani ya ukungu. Elieza. Kovu kwenye nyusi pale panga lilipomrukia, ile shingo ndefu ya babu yake, sweta ya kijani aliyoondoka nayo. Nikanyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma kidogo, akageuka, tukaanza kupanda pamoja.

Sikumuuliza alikuwa wapi. Wewe ungeuliza? Nilitembea tu nikimtazama kwa pembeni, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka mdomoni, anaogopa hata kukohoa.

"Mama," akasema, "nizikeni. Ukiniombea nasikia kama navutwa kwa kamba. Nimechoka."

"Uko hai, Elieza, au umekufa?"

"Mungu ana watu wengi, mama. Kwetu amepitiwa. Toa shati."

Maneno yale niliyajua. Niliyasikia jikoni kwangu, maganda ya ndizi yakiwa miguuni. Shingo ikaanza kuniuma, na kwa kuuma kwake nikakumbuka kwamba tenga bado liko kichwani mwangu.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu mtoto akikutana na mkubwa, shikamoo ndiyo ya kwanza, mengine yatafuata. Elieza ndiye aliyetushinda. Akiniona na mzigo, hata awe ng'ambo ya bonde, atakuja mbio, ataunyakua pamoja na ngata yake, na shikamoo nitaisikia amekwisha kunipita. Baba yake alimgombeza sana. "Unamsalimia mama yako kama mwizi," alimwambia. Hakuacha. Na huyu alikuwa amenisalimia vizuri mno, tena kutoka mbali, na mlima wote ule ameniacha na viazi vyangu.

"Elieza," nikasema, "nipokee mzigo."

"Nikishazikwa nitakupokea."

"Nipokee sasa, mwanangu. Shati nitakupa."

Akasimama. Mikono aliiweka nyuma, kama mtoto aliyeficha kitu. Nikamngoja. Mungu anajua nilivyomngoja pale. Nilitamani anyooshe hata kidole kimoja, niseme huyu ni wangu, nimpe shati, nimpe na nyumba. Hakunyoosha.

Nikampita. Nyuma yangu akaita, "Mama." Haikuwa tena sauti ya mtu mzima. Ilikuwa ya Elieza mdogo, alipougua surua, akiniita nimpe maji. Shingo ilitaka kugeuka kushoto. Niliikaza kama mtu anayefunga mlango huku upepo unausukuma, nikaanza Baba Yetu, nikaikosea njia nzima, nikairudia na kuikosea tena. Aliita mpaka nilipoona moshi wa jiko langu.

Kesho yake ndugu walikuja na panga. Nikawaambia shati nimelirudisha sandukuni na litakaa humo.

"Shemeji, utakufa ukimngoja," Zakayo akasema.

"Hata wewe, shemeji, utakufa ukingoja kitu."

Mwanaidi alikuwa mlangoni, akacheka kwa pua. Damari hakucheka. Walipoondoka wengine nilimweleza niliyoyaona, akaniuliza taratibu, "Alisema maneno yangu?"

"Yale yale."

Tangu siku hiyo akinisikia naomba jioni, huja akaketi karibu.

Shingo yangu haigeuki kushoto mpaka leo. Daktari kule Lushoto anasema ni mifupa ya uzee, nami simbishii. Ule mgomba uliofungwa jani ulizaa, ukakatwa kwa ajili ya mkungu wake kama migomba mingine, na sasa wajukuu zake wamejaa nyuma ya jiko. Elieza hajarudi. Ziko siku, ukungu ukishuka, najiuliza, na kama alikuwa yeye? Kama alikuwa amechoka tu, mwanangu, mikono haina nguvu? Swali hilo nalipeleka kwa Mungu pamoja na jina lake. Halijajibiwa. Nami sijaacha kulipeleka.

Nawe unayepita ile njia ya juu ya Mlola, ukikutana ndani ya ukungu na mtu uliyemlilia, usiuamini uso haraka, hata akusalimie kwa adabu namna gani. Mwambie akupokee mzigo. Kama huna mzigo, okota hata ukuni mmoja uubebe. Mimi viazi nabeba mpaka leo. Vinaniumiza, na Mwanaidi hunigombeza kila siku ya gulio, kwa nini siwaachii vijana wenye pikipiki. Siwaachii. Elieza akija, atanijua kwa mbali kwa hili tenga.