Barua ya Kadzo

Barua ya kwanza niliyoandika maishani niliiandika kwa jina la Kadzo, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa amefariki. Mwezi uliopita, ndani ya sanduku la barua la kanisa letu la Kisauni, nilipata jibu la barua hiyo.

Alasiri niliyoiandika, darasa lilinuka chaki na mafuta ya taa. "Mfadhili anayemlipia Kadzo akijua hayupo, atakatiza karo," Mwalimu Riziki aliniambia. "Andika wewe, mwanangu, usome kwa nafasi yake. Leo wewe ndiwe Kadzo."

"Abee," niliitika, nikidhani nimegeuzwa kweli. Nilivaa kandambili zake zilizobaki darasani, nikashangaa zikinibana.

Katika jibu lile la sandukuni, mfadhili aliandika: "Asante kwa barua, na picha uliyoitia ndani. Umerefuka, na kovu la kidevuni limefifia."

Kovu lilikuwa la Kadzo; mimi sina. Mwalimu anaapa bahasha ile ilikuwa na karatasi yangu tu.