Mgongo wa Kibao

Siku ya kwanza kazini, mjini Namanyere, sikushika brashi. Mkuu wa Karakana alinipa uzi uliopakwa chaki na ubao mtupu, akasema, "Binti, piga mistari." Uzi huo unauvuta ukaukaza pande zote mbili, unaunyanyua katikati kwa vidole viwili, kisha unauachia. Unaacha alama iliyonyooka, na herufi zinakaa juu yake. Nilikuwa nimekuja na daftari la michoro kwapani, nikijiona msanii tayari. Jioni nilirudi nyumbani na pua nyeupe kwa chaki.

Nilikuwa mchora vibao wa halmashauri. Ninyi vijana mnaochapa mabango kwa mashine asubuhi na kuyatundika mchana hamtaamini, lakini kibao kimoja cha barabarani kilinichukua siku nne. Unapaka rangi ya msingi, ile inayoziba vitundu vya mbao, unasubiri. Unapaka nyeupe, unasubiri tena. Na kwa baridi yetu ya Ufipa, mwezi wa saba, rangi ya mafuta haina haraka na mtu.

Nyumbani hakukuwa na kusubiri. Nilikuwa na watoto watatu, shamba la ulezi, na mume mwalimu, mtu mwema ambaye hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi. Nikisema nitachora picha zangu jioni, jioni ina maharage. Nikisema Jumapili, kuna misa, halafu wageni. Ikafika mahali daftari langu la michoro nikaandikia vitu vya kununua sokoni. Hilo liliniuma sana.

Ndipo siku moja, nikisubiri nyeupe ikauke, nikazunguka nyuma ya kibao. Kilikuwa kimesimama kwenye fremu, na mgongo wake ulikuwa mbao tupu. Nikachukua mabaki ya rangi yaliyokuwa yakiganda kwenye makopo, nikamchora mama yangu akiinua matuta, majani yakiwa yamefukiwa chini ya udongo kama tunavyolima sisi Wafipa. Kibao kiliposimikwa, maneno yalitazama barabara, na mama yangu akatazama mahindi. Hakuna aliyeuliza. Nikaendelea hivyo miaka mingi, hata nilipohamishiwa Sumbawanga mjini.

Kisha tukaagizwa kibao cha josho la Ilemba, kule bondeni, ambako wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi wanaogesha ng'ombe wao kwa dawa ya kupe. Mbele niliandika "Josho" na mshale. Nyuma nilichora dume mkubwa mwekundu. Mafundi wa kusimika wakaona picha, wakadhani hiyo ndiyo mbele. Maneno yakatazama kichaka.

Bwana Mifugo wa Ilemba alipiga simu kulalamika. Mkuu wa Karakana wa Sumbawanga, mtu asiyecheka ovyo, akaniita.

"Mama Skola, nani alikutuma kuchora ng'ombe kwa rangi ya serikali?"

"Hakuna, mzee. Ni mabaki tu."

"Panda gari. Twende ukaone ulichofanya."

Niliogopa kufukuzwa, lakini nakiri niliogopa zaidi kunyang'anywa ile migongo.

Tulikuta josho limejaa. Ng'ombe walipanga foleni hadi barabarani. Mkuu wa Karakana akamwamkia mzee mmoja wa wafugaji, "Shikamoo mzee. Mmejuaje njia?"

"Marahaba. Mimi kusoma sijui. Nimemfuata huyo dume." Kisha akanigeukia. "Ni wewe umemchora? Mwanangu, nundu umemnyima! Huyo ni ng'ombe gani, ameugua?"

Wafugaji wote wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Mkuu wa Karakana akageuza uso, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kwenye gari akasema, "Kuanzia leo picha inakaa mbele, pamoja na maneno. Na nundu uweke."

"Na nyuma, mzee?"

"Nyuma mimi siendagi."

Nilistaafu salama. Wenzangu walinipa zawadi: fremu yenye kitambaa cheupe cha kuchorea, kikubwa kama mlango. Watoto wameshaoa na kuolewa, siku nzima ni yangu. Nikakaa mbele ya kile kitambaa miezi mitatu bila kuweka hata nukta. Nikaona aibu, kisha nikaingiwa na hofu kwamba sikuwa msanii kamwe, nilikuwa mwizi wa rangi tu.

Ndipo jirani yangu hapa Izia, Mama Jenista anayeuza unga, akaja. "Dada, niandikie kibao bwana, watu wananipita."

Nikapiga uzi wa chaki. Nikapaka ya msingi. Nikaenda kutazama maharage, nikarudi, rangi bado mbichi. Miguu yenyewe ikazunguka nyuma. Mchana ule nilimchora mume wangu, marehemu sasa, amesimama jikoni anatafuta chumvi. Nilifurahi hadi nikalia, na maharage yakaungua.

Kile kitambaa nilimpa binti yangu, akakifanya pazia. Kibao kipo barabarani. Ukipita utasoma "Unga wa Ulezi Upo." Ukitaka kuniona mimi, zunguka nyuma.