Karatasi za Bhajia

Boksi la karatasi za babu lilipofunguliwa kwenye chumba cha nyaraka, lilinuka mafuta ya bhajia.

Babu alikuwa mwigizaji na mshairi. Alipopooza, akawa mtu wa kulala tu kule Makorora, bibi alichana mashairi yake, ambayo hayakuwa na nakala, akafungia bhajia barazani.

"Sasa ndiyo yanatulisha," alisema.

Wateja walisoma ubeti kwa sauti mpaka palipochanika.

"Malizia, mzee wa jukwaa!"

Babu alimalizia kutoka kitandani, kupitia dirishani, kwa sauti ileile ya jukwaani. Jioni moja alijaribu, akanyamaza.

"Kumbe hata kichwani yamekwisha!" Bibi alicheka, akachana karatasi nyingine, akamgeukia mteja. "Nikutilie pilipili, mwanangu?"

Mtunza nyaraka akanipa glavu nyeupe za kushikia karatasi zilizosalia.

"Tafadhali, usizichafue."