Mafuta ya Nazi Juu ya Filamu

Harufu ya mafuta ya nazi mpaka leo hunirudisha Katoro, kwenye studio ya mama yangu. Hakuna aliyepigwa picha mle kabla ya kupakwa mafuta usoni. "Simpigi mtu amepauka mimi, watu watasema kalala jivuni," mama alizoea kusema. Hata wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, wanaume wazima na ndevu zao, walitoa nyuso wakapakwa.

Nilipokuwa darasa la pili, jarida moja la rangi la Dar es Salaam lilichagua picha yake ya mwanamke akiosha mchanga wa dhahabu. Walitaka filamu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, maana picha iliyosafishwa isingetosha kujaza ukurasa mzima ikabaki safi. Na filamu ilikuwa hiyo hiyo moja. Mama aliipuliza vumbi, akaifuta kwa pamba, akaiinua dirishani, akaifuta tena. Kisha akaiweka mezani bila kuitazama tena, akatoka kutafuta bahasha.

Nami nikaichungulia. Lo! Mstari mweupe ulikatiza shavuni mwa yule mwanamke. Amepauka, na Dar ndiyo anakwenda! Nikachovya kidole kwenye mafuta, nikampaka.

"Minza! Umenimaliza, mwanangu!" mama alipiga ukelele aliporudi. Hakunichapa. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani, hivyo akaituma hivyo hivyo na mafuta yake. Majuma yaliyofuata nilijificha nyuma ya studio kila basi liliposimama.

Jarida lilipofika, mama alilifunua amefumba jicho moja. Ukurasa mzima! Shavu linang'aa, mstari haupo. Fundi wao aliandika kwamba filamu iliyokwaruzwa hupakwa mafuta ili mkwaruzo ujae usionekane, na akamsifu mama kwa kuijua kazi. Jamani, mama alicheka mpaka akakaa chini, akanivuta kifuani. Nilipumua kama niliyetuliwa gunia.

Siku hizi mimi mwenyewe huandaa filamu za zamani kwa ajili ya majarida, na mwaka huu nilikutana na mkwaruzo kama ule. Ulitokana na pamba yenye chembe ya mchanga. Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama. Ule mstari uliutia wewe."

Akashusha pumzi ndefu. "Marahaba, mwanangu. Afadhali umejua mwenyewe. Miaka yote hii nimeshindwa kukwambia kwamba siku ile nilipopiga ukelele nilikuwa najililia mimi."