Kasi ya Timu ya Felicitas

Felicitas Komba hajui kudanganya hata kwenye simu. Hapa Dar mtu anakwambia yupo njiani na huku bado anatafuta sabuni ya kuogea. Yeye akiwa anaoga atakwambia anaoga. Tabia hiyo nusura imkoseshe timu yake. Mimi ninayekaa meza ya jirani nilikasirika kwa niaba yake, maana mwenyewe hukasirika polepole mno.

Tunatengeneza programu za kuendeshea maduka, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Goba. Mwenye kampuni ni Muhsin, ambaye kwao ni wauza vitambaa wa siku nyingi kule Temeke. Felicitas anaongoza timu ya waandishi wa programu. Mwaka huu Muhsin alirudi kutoka semina na wazo la ubao. Kila kazi ikapewa kadi: ukianza unaisogeza kwenye "Imeanza", ukimaliza kwenye "Imekwisha", na siku zinazopita katikati ndiyo kasi yako.

Vijana waliujulia ubao huo mapema. Benson alikuwa anafanya kazi huku kadi yake haijaguswa. Akikaribia kumaliza ndipo anaisogeza. Asubuhi imeanza, jioni imekwisha. Ukimuuliza, "Vipi ile ishu?" anakujibu, "Bado sijaanza, sista," na kompyuta yake imejaa kazi hiyohiyo. Wengine wakamfuata. Felicitas peke yake ndiye aliyeendelea kusogeza kadi siku anayoanza kweli. Kwa hesabu ya ubao, kiongozi wetu akawa ndiye goigoi wa ofisi.

Alhamisi Muhsin akamwambia kwamba kesho yake timu ingekwenda kwa Benson, na Benson alikuwa ameshaambiwa.

"Si umwambie bosi jinsi wanavyofanya?" nilimfokea.

"Siwezi kuwachongea wenzangu," akajibu, akainuka akaenda kwa Muhsin. Ofisi ya bosi imetengwa kwa mbao nyembamba. Hata akipiga chafya tunamwambia afya. Kwa hiyo nilisikia yote.

"Bosi, timu ni yako, mpe unayemtaka. Ila kasi usiihesabu tangu tunapoanza sie. Ihesabu tangu mteja anapoomba, mpaka siku anapoanza kutumia."

"Si kitu kilekile?"

"Tumpigie mteja mmoja tumuulize."

"Mpigie Huda," akasema Muhsin. Huda ni dada yake, ana duka la vitambaa na anatumia programu yetu. Nadhani alimchagua akijua ndugu hatamwaibisha. Felicitas akapiga, akaweka spika.

"Dada Huda, hujambo? Ile ya kuuza kitambaa kwa mita, uliiomba lini?"

"We Feli, unanichokoza? Niliomba nikiwa na mimba ya Nunu. Sasa hivi Nunu anatambaa."

"Ulimwomba nani?"

"Nimwombe nani tena? Muhsin. Kila nikimuuliza ananiambia ataliangalia. Mie huku naandika mita kwenye maboksi, napunjwa mpaka basi. Wenzangu wawili mtaani hapa wameshahamia programu nyingine. Hawajamwambia tu, wanamstahi."

Kwetu maombi yote ya wateja yanapitia kwenye simu ya Muhsin. Kadi haiandikwi mpaka ayasome mwenyewe na kuyapitisha, na kwa vile ni bosi hakuna aliyewahi kumuuliza amefikia wapi. Kadi ya mita haikuwahi kuonekana ubaoni. Nilitamani kugonga ule ukuta wa mbao nishangilie.

Huda akakata simu. Kisha Muhsin akasema kwa sauti ndogo, "Benson nimeshamwambia. Sasa nitamwambiaje?"

"Mwambie leo," akasema Felicitas. "Na hayo maombi yaliyomo kwenye simu yako nipe mimi."

Mlango ukafunguka. Muhsin akapita mbele ya meza yangu bila kuniangalia, akaenda kusimama kwa Benson. Nikaingia ndani mbio kumpongeza Felicitas. Nilimkuta ameshika simu ya bosi, anasoma ombi moja baada ya jingine, machozi yanamtoka.

"Unalia nini sasa? Timu si imebaki kwako?"

"Najua," akasema bila kuinua macho. "Hawa watu wote walikuwa wanatusubiri."