Mkoba wa Mkono Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini katika karakana ya mikoba pale Sotik, Msimamizi aliniamuru nifumbe macho. Alikuwa mama mnene asiyecheka, kitambaa cheupe kichwani. Akaniwekea mikoba mapajani. "Papasa," akasema. "Niambie imetengenezwa na watu wangapi." Nikapapasa, nikasema watatu. Akaguna. Nikajua nimeajiriwa.

Nyinyi wa leo mnadhani mkoba wa sufu hushonwa. Thubutu! Sufu ya kondoo huchanwa kwa brashi za meno ya waya mpaka iwe laini, halafu hutandazwa tabaka juu ya tabaka kuzunguka karatasi ya nailoni iliyokatwa umbo la mkoba, ili pande mbili zisishikane. Juu yake unaweka vitambaa upendavyo: leso kuukuu, kitenge, nyuzi za sweta iliyofumuliwa, hata gunia. Kisha maji moto na sabuni, unasugua mpaka sufu ikimeze kitambaa. Mwisho unaupigapiga mezani mpaka usinyae. Ukishashikana, hakuna kuufumua.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria: mkoba ni wa mkono mmoja. Wawili wakiusugua, kila mtu huvuta kwake, ukakauka ukiwa kombo. Fundi akiondoka kabla ya kumaliza, kazi yake hukatwa viraka.

Kutoka Sotik nilihamishiwa Silibwet chini ya Meneja, bwana wa tai aliyetuangalia na saa yake kana kwamba sufu inajua saa. Huko nilipewa meza moja na Chelang'at. Mimi Mkisii, maneno hayaniishi. Yeye Mkipsigis, mpole kama maziwa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya majani chai, alinisalimu, "Chamgei," nami nikamjibu, "Chamgei mising," kwa ulimi wangu wa Kisii, akacheka mpaka akashika meza. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada. Kilikwenda na mashine ya kukatia napia, yale majani ya ng'ombe. Ndiyo maana kila mkoba wake ulikuwa na mstari mnene karibu na mdomo, pale kidole hakikufika. Wengine waliuita kasoro. Mimi niliupenda.

Alikuwa akimtengenezea bintiye, Chepkemoi, mkoba wa kwenda nao chuo. Ndani yake alisugulia kipande cha shali aliyombebea mgongoni. Ulikuwa nusu alipougua kifua. Akaufunika kwa gunia, akaenda hospitali, hakurudi.

Tulipotoka mazishini Meneja alifungua karakana, akasimama mlangoni. "Hiyo kazi ya marehemu ikatwe viraka."

"Na msichana je?" nikamuuliza. "Hana kitu kingine cha mkono wa mamake."

"Sheria ni yenu, Mama, si yangu. Haya, imalize. Lakini ikitoka kombo, itakatwa."

Nikainua gunia. Mkoba ulikuwa umelowa, povu jeupe juu yake, na ulikuwa na joto. Nikagusa jiko: baridi, majivu ya zamani. "Nani ameumwagia maji?" nikauliza. Meneja aliutazama ufunguo pekee wa karakana mkononi mwake, akatoka.

Nilikunja mikono ya gauni nikaanza. Nilipobonyeza kwa nguvu, sufu haikusogea. Nilipolegeza, ilijikaza yenyewe chini ya viganja vyangu. Nikivuta kushoto, inaenda kulia. Niliogopa, sitawadanganya, nilitaka kuacha kila kitu nikimbilie barabarani. Lakini nikamkumbuka Chepkemoi kando ya kaburi, hana hata pa kuweka mikono yake. Nikasema kwa sauti, "Chelang'at, kama ni wewe, basi tumalize." Nikaacha mikono ifuate inakovutwa.

Ulikauka umenyooka kama rula. Chepkemoi alipokuja alifumba macho bila kuambiwa, akapapasa, machozi yakamshuka. Mstari ulikuwepo mdomoni, mnene, hata upande nilioufanya mimi.

"Huu wote ni Mama," akasema. "Wewe ulifanya wapi?"

Nikaupapasa nikitafuta mkono wangu. Haukuwamo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Sigowet, na huko nilikuwa Msimamizi mimi mwenyewe. Niliwafumbisha wasichana macho kama nilivyofumbishwa. Siku ya kuniaga, mmoja wao, Nyaboke, alipewa mikoba apapase, akaushika wangu. "Mama, hii yako iko na mstari hapa kwa mdomo. Kwani uliumia kidole?"

Nikamwambia ni uzee. Nikaificha mikono yangu chini ya leso, vidole vyote kumi.

Sasa nimestaafu. Nakamua ng'ombe wangu wawili na bado natengeneza mikoba. Nimebadilisha meza, nimebadilisha sabuni, nimeugeuza mkoba juu chini. Mstari uko pale pale. Mafundi vijana huniuliza kama ile sheria ya zamani ilikuwa na maana. Ilikuwa nayo, tena ishikeni. Ukimmalizia mtu kazi yake, usitegemee kwamba ataiacha yako uimalize peke yako.

Sijuti. Naogopa kidogo, basi, na siku nyingine namkumbuka Chelang'at mpaka nalia. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka kwenye chai, nachemsha maji, natandaza sufu, na kabla sijashika sabuni nasema, "Chamgei." Halafu nasogea kidogo, apate nafasi.